Makala 64, mgao 9: kisa cha kituo cha utafiti wa bahari Tanga

Kisa hiki kinahusu kituo kidogo cha utafiti wa bahari na pwani mkoani Tanga, na jinsi makala zake za kisayansi zilivyohesabiwa kwa njia mbili zilizotoa majibu tofauti. Jina la kituo, miaka na majina ya washirika yameondolewa, na tarakimu zake zimerekebishwa kidogo bila kuvunja uwiano. Tarakimu za nchi na za taasisi zilizotajwa kwa jina hazikuguswa.

## Usuli

Kituo kina watafiti tisa, mafundi wanne na boti moja ya faiba. Kazi zake ni matumbawe, mikoko, kilimo cha mwani na takwimu za samaki wanaoshushwa madikoni. Serikali hulipa mishahara. Mafuta ya boti, vifaa vya kuzamia, kemikali za maabara na posho za kazi za nje hutoka kwenye miradi, na karibu miradi yote ina mshirika wa nje ya nchi.

Ushirikiano huo una sababu zinazoeleweka. Mtafiti mgeni anayeomba kibali COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, hutakiwa awe na mwenyeji wa ndani, na mwenyeji huyo mara nyingi huishia kuwa mwandishi mwenza. Pia kituo kina mali adimu: vipimo vya matumbawe vya miaka mingi, vilivyochukuliwa mahali pale pale kabla na baada ya joto la bahari lililopausha matumbawe mwaka 1998 na 2016. Wanasayansi wanaokusanya data za dunia nzima huwaandikia watafiti wa Tanga, hupewa faili, na jina la mtafiti huingia kwenye orodha ya waandishi sabini au mia.

Kila baada ya miaka mitano kituo huandika ripoti ya utendaji kwa bodi yake, na wizara huitumia ripoti hiyo kupima maombi ya bajeti. Kipimo kikuu kilikuwa kimoja: idadi ya makala zenye anwani ya kituo.

## Kilichotokea

Rasimu ya kwanza ilitayarishwa kwa siku chache. Jina la kituo liliandikwa kwenye Scopus, kanzidata ya makala za kisayansi, miaka ikachaguliwa, grafu ikapakuliwa. Kipindi cha kwanza kilikuwa na makala 20, cha pili 62. Rasimu ikasema uzalishaji wa kisayansi wa kituo umepanda zaidi ya mara tatu, na juu ya sentensi hiyo ikajengwa hoja ya kuomba boti ya pili.

Kwenye kikao cha bodi, mjumbe mmoja ambaye ni mchumi aliuliza swali fupi: "Ndugu Mkurugenzi, watafiti ni wale wale tisa, boti ni ile ile. Hizi makala arobaini na zaidi zimeandikwa na nani?"

Halikuwa swali la ugomvi. Mkurugenzi alijibu kwamba ushirikiano umekua, jambo ambalo ni kweli, lakini hakuwa na tarakimu ya kuonyesha kiasi gani cha ongezeko ni kazi ya kituo na kiasi gani ni kazi ya wengine iliyobeba jina la kituo. Bodi ikairudisha ripoti na kuteua tume ya watu watatu: mkutubi, mtakwimu na mtafiti mwandamizi mmoja. Walipewa wiki sita.

## Jinsi hesabu ilivyorudiwa

Hatua ya kwanza ilikuwa kusafisha orodha, na ndiyo iliyokula muda mwingi. Jina la kituo lilipatikana kwa tahajia saba, baadhi kwa Kiswahili, baadhi kwa Kiingereza, na nyingine zikiwa na jina la idara bila jina la kituo. Makala tano zilikuwa zimepotea kwa sababu hiyo. Tatu nyingine zilihesabiwa kimakosa kwa kuwa zilikuwa na anwani ya taasisi tofauti iliyopo Tanga mjini. Hivyo 62 zikawa 64.

Kundi lililosumbua zaidi ni makala za watafiti wawili waliokuwa masomoni Ulaya. Wakiwa huko waliandika anwani ya chuo chao peke yake, ingawa data ilitoka Tanga na mishahara yao ililipwa Tanga. Kanuni iliyochukuliwa ilikuwa kali: kinachohesabiwa ni anwani iliyochapishwa, si ile ambayo ingefaa kuchapishwa. Makala hizo ziliachwa nje, zikaorodheshwa kwenye kiambatisho. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, kwa sababu kituo kikianza kujiongezea makala kwa maelezo, hesabu yote inapoteza nguvu ya kukaguliwa na mtu mwingine.

Hatua ya pili ilikuwa kufungua kila makala na kuandika kwenye lahajedwali idadi ya waandishi wote, idadi ya waandishi wa kituo, na wangapi kati yao wana anwani zaidi ya moja. Kanzidata hutoa sehemu kubwa ya taarifa hizo, lakini si zote. Anayerudi nyuma ya 2008 kwenye Web of Science, kwa mfano, atakuta majina na anwani bila kuunganishwa, na atalazimika kufungua makala yenyewe. Hata kwenye makala mpya, jina la kundi lililoandikwa kama mwandishi mmoja huficha watu hamsini walioorodheshwa ukurasa wa mwisho. Asiyeliona hilo humpa mtafiti wake moja ya nane mahali anapostahili moja ya hamsini na saba.

Hatua ya tatu ni hesabu yenyewe. Chukua makala moja ya kweli kutoka kwenye orodha, yenye waandishi 12. Wawili ni wa kituo peke yake. Wa tatu ana anwani mbili, ya kituo na ya chuo cha Ujerumani. Mmoja ni wa chuo cha Dar es Salaam, watano wa Uingereza, watatu wa Afrika Kusini.

Kwa hesabu nzima, kila nchi inapata makala 1. Makala moja imezaa makala nne. Kwa mgao wa nchi, moja inagawanywa kwa nchi nne na kila moja inapata 0.25, Ujerumani yenye nusu mtu sawa na Uingereza yenye watu watano. Kwa mgao wa mwandishi, kila mwandishi ana moja ya kumi na mbili, na mwenye anwani mbili huigawa nusu kwa nusu. Tanzania inapata 3.5 ÷ 12, yaani 0.29, Uingereza 0.42, Afrika Kusini 0.25, Ujerumani 0.04. Jumla ni 1. Mgao wa kituo chenyewe ni 2.5 ÷ 12, yaani 0.21.

Wavuvi hawahitaji kuelezwa jambo hili mara mbili. Chombo kimoja chenye mabaharia wa vijiji vitatu kikishusha matenga kumi, hakuna anayekubali kila kijiji kiandike kwamba kimevua matenga kumi.

Baada ya kupitia makala zote, jedwali lilikuwa hivi:

| Aina ya makala | Kipindi cha 1: idadi | Mgao | Kipindi cha 2: idadi | Mgao |
|---|---|---|---|---|
| Waandishi wa Tanzania pekee | 8 | 4.80 | 6 | 3.00 |
| Ushirikiano wa nje, waandishi hadi 10 | 10 | 3.00 | 22 | 4.40 |
| Ushirikiano wa nje, waandishi 11 hadi 50 | 2 | 0.20 | 24 | 1.44 |
| Ushirikiano wa nje, waandishi zaidi ya 50 | 0 | 0 | 12 | 0.18 |
| Jumla | 20 | 8.00 | 64 | 9.02 |

Idadi ilipanda kwa asilimia 220. Mgao ulipanda kwa asilimia 13 hivi. Makala 12 za makundi makubwa zilikuwa karibu sehemu moja ya tano ya idadi, lakini asilimia 2 tu ya mgao. Mstari wa kwanza ndio uliowanyamazisha wajumbe: makala za Watanzania peke yao zilipungua, kwa idadi na kwa mgao.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutumia mgao wa mwandishi badala ya mgao wa nchi au wa taasisi. Sababu imeonekana kwenye mfano wa makala yenye waandishi 12. Mgao wa nchi ni rahisi kuukokotoa pale taarifa za waandishi zinapokosekana, lakini humpendelea mwenye mchango mdogo.

Uamuzi wa pili ulileta mvutano. Mtakwimu alitaka hesabu nzima iondolewe kabisa kwa kuwa inapotosha. Mtafiti mwandamizi alikataa. Alisema mwenye kuleta miaka kumi na mitano ya vipimo kwenye makala ya watu themanini hajaleta moja ya themanini ya kazi. Pengine bila vipimo vyake ukanda mzima wa pwani yetu usingekuwamo kwenye ramani. Alikuwa na haki. Mgao unadhani waandishi wote wamefanya kazi sawa, na dhana hiyo si kweli karibu kwa makala yoyote. Tume ikaamua kuonyesha hesabu zote mbili, kila moja na maana yake: hesabu nzima inaonyesha kituo kimeshiriki mahali pangapi, mgao unakadiria sehemu yake ya kazi iliyofanyika.

Tatu, iliongezwa safu ya uongozi, yaani makala ambazo mwandishi wa kwanza au wa mawasiliano ni wa kituo. Zilikuwa 9 kati ya 20, zikawa 13 kati ya 64. Kwa idadi uongozi ulikua. Kwa uwiano ulishuka kutoka asilimia 45 hadi 20. Zote mbili ni kweli, na ripoti iliyoandika moja tu ingedanganya kwa kunyamaza.

Yapo pia yaliyokataliwa. Pendekezo la kumpa mwandishi wa kwanza uzito mkubwa lilikataliwa kwa sababu mpangilio wa majina hauna maana moja: makundi mengine huandika kwa alfabeti. Njia ya Norway nayo ilijadiliwa. Nchi hiyo, kwenye mfumo wake wa kugawa sehemu ya fedha za vyuo kwa machapisho, ilikuwa ikichukua mzizi wa mraba wa mgao wa taasisi na kuzidisha kwa 1.3 pale palipokuwa na mshirika wa nje, ili ushirikiano usiadhibiwe. Mgao wetu wa 0.21 ungekuwa 0.46 kabla ya kuzidishwa. Njia hiyo ina busara yake, lakini jumla ya migao huzidi moja kamili, na ingewalazimu wajumbe kuamini tarakimu wasiyoweza kuihakiki kwa kikokotoo cha simu.

## Matokeo

Ripoti ya pili ilikubaliwa. Hoja ya boti ya pili iliondolewa na kuwekwa ombi la nafasi mbili za wachambuzi wa data, kwa kuwa jedwali lilionyesha wazi tatizo liko wapi: kituo kilikuwa kinakusanya data nyingi na kuchambua kidogo, na uchambuzi ulikuwa unafanyika kwa washirika. Nafasi moja kati ya mbili iliidhinishwa.

Mikataba mipya ya ushirikiano iliongezewa kifungu: kwa kila mradi unaotumia vipimo vya kituo, angalau makala moja iongozwe na mtafiti wa kituo, na makala hiyo itajwe kwa mada tangu mkataba unaposainiwa. Washirika wawili walikubali bila maneno. Wa tatu aliomba neno "angalau" liondolewe, likabaki. Pia watafiti wanaokwenda masomoni sasa husaini kwamba wataandika anwani zote mbili.

Mfadhili mmoja alichukua tarakimu ya 64, akaiweka kwenye kipeperushi chake na kuacha mgao. Fomu ya wizara nayo ilikuwa na kisanduku kimoja tu cha "idadi ya machapisho", na hapo ikaandikwa 64, huku maelezo ya mgao yakibaki kwenye kiambatisho.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi vizuri zaidi ni kugawa makala kwa ukubwa wa kundi kabla ya kujumlisha. Jumla peke yake, 8.00 na 9.02, ingeweza kusomwa kwamba kituo kimelala. Jedwali lilionyesha jambo tofauti: mgao wa ushirikiano mdogo, wenye waandishi hadi kumi, ulipanda kutoka 3.00 hadi 4.40. Hapo ndipo watafiti wa kituo walikuwa wanafanya kazi ya kweli pamoja na wageni, kuanzia swali la utafiti hadi rasimu. Ushirikiano wa aina hiyo unastahili kulindwa kwa nguvu zote, na kipimo cha idadi pekee kilikuwa kimeufunika chini ya lundo la makala za watu mia.

Kunukuliwa, yaani makala kutajwa na makala nyingine, kulihitaji tahadhari kubwa kuliko idadi. Makala 12 za makundi makubwa zilikuwa na zaidi ya nusu ya nukuu zote za kipindi cha pili. Rasimu ya kwanza ilikuwa imetumia wastani wa nukuu kwa makala na kusema kituo kimepita wastani wa dunia. Ludo Waltman na Nees Jan van Eck wa Chuo Kikuu cha Leiden walieleza mwaka 2015 kwa nini hesabu nzima huleta upotofu huu: makala zenye nchi nyingi hunukuliwa zaidi kuliko za kawaida, na kila nchi huzihesabu zote, kwa hiyo inawezekana karibu kila nchi ikawa juu ya wastani wa dunia. Wastani ambao kila mtu yuko juu yake haupimi kitu. Ripoti ya pili ilitoa wastani ambao kila makala ilipewa uzito wa mgao wake, na sentensi kuhusu wastani wa dunia ikafutwa.

Kilichoshindikana ni kuzuia mgao usigeuke kuwa fimbo. Miezi michache baada ya jedwali kubandikwa, watafiti wawili walimwacha nje ya orodha ya waandishi mwenzao wa Pemba aliyekuwa amesimamia sampuli, na mafundi wa kituo wakaanza kuwekwa kwenye shukrani badala ya uandishi. Hesabu ilikuwa imewafundisha kwamba kila jina jipya linapunguza mgao. Tume ilipaswa kuliona hili mapema na kuandika kanuni ya uandishi siku ile ile jedwali lilipotoka: nani anastahili kuwa mwandishi huamuliwa kwa kazi aliyofanya, na mgao haupaswi kutumika kumpandisha cheo mtu mmoja mmoja. Kanuni hiyo iliandikwa baadaye, baada ya malalamiko. Mgao unafaa kwa kituo, mkoa au nchi, ambako makosa yake madogo hufidiana. Kwa mtu mwenye makala nne unaweza kumwonea vibaya sana.

## Kutoka kituo hadi nchi

Kilichoonekana kwenye makala 64 hutokea vivyo hivyo nchi zinapolinganishwa. Derek de Solla Price alishauri mwaka 1981 kwamba kila makala igawanywe sawa kwa waandishi wake, na tangu hapo mjadala haujaisha. Mwaka 2015 makundi ya ATLAS na CMS ya CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, yalichapisha makala kuhusu uzito wa chembe ya Higgs yenye waandishi 5,154. Kati ya kurasa zake 33, kurasa 24 zilikuwa za majina na anwani. Kwa hesabu nzima, kila nchi yenye mwandishi hata mmoja humo ilijipatia makala kamili.

Kwetu mfano ulio karibu ni majaribio ya awamu ya tatu ya chanjo ya malaria ya RTS,S, yaliyofanyika kati ya 2009 na 2014 kwa watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika. Bagamoyo na Korogwe vilikuwa miongoni mwa vituo hivyo. Kazi iliyofanyika hapo, ya kusajili watoto, kufuatilia homa na kusoma slaidi, ilikuwa kubwa na ya lazima. Hesabu nzima inaipa Tanzania makala moja kwa kila ripoti ya majaribio hayo, sawa na nchi nyingine zote shiriki. Mgao unaipa sehemu tu, kulingana na majina mangapi ya Tanzania yamo kwenye orodha. Hakuna kati ya hizo mbili inayosema nani alibuni swali.

Ndiyo maana wanaopanga nchi kwa makini hutaja njia yao. Shirika la Taifa la Sayansi la Marekani, NSF, lilitumia mgao liliporipoti mwaka 2018 kwamba China ilikuwa imeipita Marekani kwa makala za mwaka 2016, takriban 426,000 dhidi ya 409,000. Kwa hesabu nzima Marekani ingeongezewa zaidi kuliko China, kwa kuwa sehemu kubwa zaidi ya makala zake huandikwa pamoja na wageni. Nature Index, orodha ya machapisho ya nchi na taasisi, hutoa tarakimu zote mbili kwa kila nchi. Orodha ya Leiden ya kupanga vyuo vikuu humruhusu msomaji kubadili njia na kuona nafasi za vyuo zikisogea.

Nchi yenye sayansi kubwa ya ndani husogea kidogo njia inapobadilishwa. Nchi ambayo makala zake nyingi zina waandishi wa nje husogea sana, na Tanzania iko kundi hili. Kwa hiyo anayesoma kwamba makala za Tanzania zimeongezeka aulize kwanza: zimehesabiwa nzima au kwa mgao? Kisha agawanye mgao kwa idadi. Kwa kituo chetu uwiano huo ulikuwa 0.40 kipindi cha kwanza na 0.14 kipindi cha pili. Kushuka kwake hakumaanishi ushirikiano ni mbaya. Kunamaanisha idadi ya makala imeacha kuwa kipimo cha ukubwa wa kazi ya kituo, na mpango wa bajeti usijengwe juu yake.

Liko pengo ambalo hesabu zote mbili zimeliacha wazi. Katika kipindi cha pili kituo kiliandika ripoti 11 za Kiswahili kwa vikundi vya wavuvi na halmashauri za pwani, kuhusu majira ya pweza, maeneo ya kufunga uvuvi na magonjwa ya mwani. Hazimo kwenye Scopus wala Web of Science, kwa hiyo mgao wake ni sifuri. Tume ilipendekeza ziwe na safu yake kwenye jedwali lijalo, zihesabiwe nzima na kwa mgao kama nyingine, na kila moja itaje halmashauri au kikundi kilichoitumia na uamuzi uliofanywa. Bodi imekubali safu hiyo, na mkutubi ameanza kuziorodhesha.